Fahamu: Nonilifenoli, mabaki ya sabuni yanayovuruga uzazi wa samaki

Nonilifenoli hubaki majini bakteria wanapovunjavunja viambato fulani vya sabuni, hasa za viwandani. Ajabu ni kwamba mabaki haya yana sumu kali kuliko kiambato chenyewe.

Samaki hudhurika vipi?

Mwilini, kemikali hii huiga estrojeni, homoni ya kike. Ini la dume huanza kutengeneza vitelojenini, protini ya kiini cha yai, ambayo dume hana kazi nayo kabisa.

Madhara haya yalionekana wapi?

Miaka ya 1990, watafiti wa Uingereza, akiwemo John Sumpter wa Chuo Kikuu cha Brunel, waliweka trauti madume kwenye vizimba mitoni. Katika Mto Aire, Yorkshire, majitaka yalichanganyika na maji ya viwanda vilivyosafisha sufu kwa sabuni za aina hiyo. Huko damu ya madume ilijaa vitelojenini, na korodani zao zikadumaa.

Si mito yote iliyofanana na Aire. Kwingi, lawama kubwa iliziangukia homoni za mkojo wa binadamu, zikiwemo za vidonge vya uzazi wa mpango.

Sabuni nyingine je?

Viambato vya povu huharibu matamvua. Fosfati hustawisha mwani, nao ukioza humaliza oksijeni.

Sheria inasemaje?

Tangu Januari 2005, Umoja wa Ulaya umezuia bidhaa nyingi za usafi zenye 0.1% au zaidi ya nonilifenoli au viambato vinavyoizaa. Mwaka 2021 nguo zinazoagizwa kutoka nje nazo zikawekewa kikomo, kwa kuwa zikifuliwa humwaga kemikali hizo mtoni.