Paka Anayejikuna: Tuanzie Kwenye Sahani Yake

Paka akijikuna mpaka manyoya ya shingo yakatoka, wengi wetu hapa Pwani humwogopa, na wengine humbeba wakamtupa sokoni. Mimi nasema tuangalie kwanza anachokula.

Mzio wa chakula humwasha paka hasa kichwani, masikioni na shingoni. Wengine hutapika au huharisha. Na samaki, chakula tunachowazoesha paka wetu, ni miongoni mwa vinavyoleta mzio sana, pamoja na nyama ya ng'ombe na kuku.

Mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo aondoe shaka ya viroboto na upele. Kipimo cha damu hakitegemeki hapa. Kipimo ni sahani. Mtafutie nyama asiyowahi kula, mathalan sungura au mbuzi, uichemshe bila chumvi, vitunguu wala viungo. Mbadilishie polepole kwa wiki moja, kisha ale hiyo tu kwa wiki 8. Akigoma kula kwa siku nzima, mrudishe kwa daktari, maana njaa huharibu ini la paka.

Kazi ngumu ni majirani. Paka wa mtaani kwetu hula nyumba tano, na kichwa kimoja cha samaki huvuruga jaribio lote. Waombe mlango kwa mlango.

Kuwashwa kukiisha, mpe tena chakula cha zamani. Akianza kujikuna ndani ya wiki 2, jibu umelipata. Lakini nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha, hivyo muulize daktari chakula kamili cha kudumu nacho.