Uanagenzi wa Shahada katika Uhandisi: Manufaa kwa Mwanafunzi na Mwajiri kwa Kurejelea Hasamba, Mkoa wa Songwe

Uanagenzi ni kujifunza kazi kwa kuifanya chini ya uangalizi wa fundi. Uanagenzi wa shahada, ulioanzishwa Uingereza mwaka 2015, huongeza mambo mawili katika dhana hiyo: mwanagenzi ni mwajiriwa mwenye mshahara, na masomo yake humfikisha kwenye shahada bila yeye kulipa ada.

Nchini Tanzania, utaratibu unaokaribiana na huo umegawanyika. Mwanafunzi wa uhandisi hufanya mafunzo kwa vitendo kwa wiki chache. Baada ya kuhitimu, anaweza kujiunga na mpango wa miaka 3 ulioanzishwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi mwaka 2003, ambamo hufanya kazi chini ya mhandisi mtaalamu hadi astahili kusajiliwa katika ngazi hiyo. Hivyo, uanagenzi hufuata shahada. Haumo ndani yake.

Mpangilio huo una uzito katika kata ya Hasamba, wilayani Mbozi, eneo la kilimo cha kahawa. Kijana wa hapo anayesoma katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya hutegemea familia au mkopo kwa miaka 4, kisha huanza upya kutafuta mahali pa kujifunzia kazi. Kama masomo na kazi vingekwenda sambamba, angehitimu akiwa na ujira, uzoefu na sehemu ya muda unaohitajika kwa usajili.

Mwajiri naye hunufaika. Mtambo wa kukobolea kahawa ukiharibika katikati ya msimu, hasara huanza siku hiyohiyo. Mwanagenzi aliyeuhudumia kwa misimu kadhaa huijua tabia yake kuliko mtaalamu aliyeitwa kutoka mbali. Hali ni hiyohiyo kwa reli ya TAZARA inayopita mkoani humo.

Pingamizi kuu ni hofu ya mwajiri kumfundisha mtu atakayeondoka. Uingereza ilipunguza mzigo huo kwa tozo ya waajiri wakubwa kuanzia mwaka 2017. Waajiri wa Tanzania tayari hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Suala lililobaki ni iwapo sehemu yake inaweza kugharimia uanagenzi wa shahada. Aidha, kiwanda kidogo kisicho na mhandisi aliyesajiliwa hakiwezi kusimamia mwanagenzi peke yake. Kwa mazingira ya Mbozi, waajiri kadhaa kuchangia msimamizi mmoja ndiyo njia inayotekelezeka zaidi.