ANWANI ZA KURASA ZA WAHUSIKA: JINA LA MKAMA NDUME WA PUJINI

Kila mtungaji wa kamusi elezo hukabiliwa na swali dogo kabla ya kuandika neno la kwanza la maelezo yake: ukurasa upewe jina gani? Swali hili ni jepesi penye mti, mji au ndege. Ni zito penye mtu, hasa mtu wa hadithi, kwa kuwa watu wa hadithi za Waswahili aghalabu huwa na majina zaidi ya moja. Tangu Wikipedia ya Kiswahili ilipoanzishwa mwaka 2003, na tangu wapenzi wa hadithi katika lugha nyingi walipoanza kujitungia kamusi za wahusika katika intaneti, swali hilo limetoka mikononi mwa wakutubi likaingia mikononi mwa kila mwenye hamu ya kuandika. Makala haya yanalichungua kwa mfano mmoja wa Kisiwa cha Pemba, kisha yanataja kanuni zinazoweza kufuatwa katika wahusika wa riwaya.

Upande wa mashariki wa Pemba, kusini-mashariki ya Chake Chake, yapo magofu ya Pujini. Ni boma lililozungukwa na kuta, ambalo wachunguzi wa mambo ya kale, miongoni mwao Adria LaViolette aliyechimba hapo, hulihesabu kuwa la karne ya 15. Wenyeji husimulia kwamba lilijengwa na mtawala mkali kupita kiasi, aliyewalazimisha watu wake kubeba mawe huku wakisota chini. Husimulia pia kwamba kisima chake kiligawanywa kwa ukuta ili wakeze wawili, walioneana wivu, wasikutane wakati wa kuteka maji. Mtawala huyo ndiye Mkama Ndume. Katika maandishi jina lake huonekana pia kama Mkame Ndume na Mkamandume, na baadhi ya wasimulizi husema kwamba jina lake hasa lilikuwa Muhammad bin Abdulrahman. Basi yapo majina manne ya mtu mmoja, na ukurasa huchukua anwani moja tu.

Yafaa kuanza na maumbo matatu ya kwanza. Kukama ni kumtoa mnyama maziwa, na ndume ni mnyama wa kiume. Mkama ndume, basi, ni mtu anayekama pasipo na maziwa, na kwa mafumbo ni yule anayewakamua wanaume nguvu zao. Muundo wake ni ule wa mla watu, mfua vyuma na mchunga mbuzi: nomino ya mtendaji iliyobaki na irabu -a ya kitenzi na kufuatwa moja kwa moja na kitendwa chake. Kitendwa kikiondolewa, nomino hiyo hubadilika umbo, na mtu husema mkamaji. Kwa hiyo maneno hayo mawili ni jina moja. Kuligeuza likawa «Ndume, Mkama», kama afanyavyo mkutubi kwa majina ya ukoo ya Ulaya, ni sawa na kumwita mfua vyuma «Vyuma, Mfua».

Kwa sababu hiyo hiyo umbo la Mkama Ndume lina haki ya kutangulia mengine mawili. Umbo la Mkame humpoteza msomaji, kwani kame ni neno la ukavu wa nchi, na Makame ni jina la kawaida la wanaume wa Unguja na Pemba. Mgeni aweza kudhani kwamba ni bwana mmoja aliyeitwa Mkame na kupewa lakabu ya Ndume. Umbo la Mkamandume nalo huficha mpaka wa maneno. Hata hivyo hayo si makosa ya kufutwa. W. H. Whiteley, katika kitabu chake cha 1958 juu ya lahaja na mashairi ya Pemba, alikwisha kuonyesha jinsi usemi wa kisiwa hicho usivyo wa namna moja. Kila umbo linaloandikwa lipewe ukurasa mdogo wa kuelekeza, utakaompeleka msomaji penye maelezo. Jambo hili lisipofanywa, mtu atakayetafuta «Mkamandume» asione kitu ataandika ukurasa wa pili, na habari za mtu mmoja zitagawanyika mafungu mawili yasiyojuana.

Linabaki jina la nne, nalo ndilo lenye mzozo. Wako watakaosema kwamba Muhammad bin Abdulrahman ndilo jina la heshima na la ukamilifu, na kwamba lakabu ya kuchukiza haistahili kuwekwa juu ya ukurasa. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini yakabiliwa na vizuizi viwili.

Kizuizi cha kwanza ni cha ushahidi. Masimulizi yale yale humtaja Haruni, ambaye kaburi lake huonyeshwa huko Chwaka karibu na Tumbe, kaskazini ya kisiwa, kuwa ni mtoto wa Mkama Ndume. Haruni huyo huitwa Haruni bin Ali. Ikiwa yeye ni mwana wa Mkama Ndume, na ikiwa bin yake ni ya kweli, basi baba yake ni Ali wala si Muhammad. Yamkini Haruni ni mjukuu. Yamkini masimulizi mawili yamefungamana. Yamkini lakabu moja ilibebwa na watawala wawili. Mambo haya yote yana mahali pake ndani ya maelezo, ambapo kila kauli huweza kupimwa kando ya nyingine. Anwani haina nafasi ya kusema «husemekana». Ukurasa ukiitwa Muhammad bin Abdulrahman, msomaji hupewa kama jambo lililothibitishwa kitu ambacho wasimulizi wenyewe hawajakubaliana.

Kizuizi cha pili ni cha maana ya lakabu. Jina la nasaba husema mtu alitoka kwa nani. Lakabu ya Mkama Ndume husema aliwatenda nini watu wake. Huo ni ushahidi wa waliotawaliwa, uliohifadhiwa katika maneno mawili. Kwa mtu aliye hai, jina la kumdhalilisha lisiwekwe juu ya ukurasa. Kwa mtawala wa masimulizi, kuliondoa ni kuwanyamazisha wasimulizi na kumsafisha asimuliwaye.

Wala kanuni hii haifuati ubishi wa nasaba peke yake. Mshairi mashuhuri wa Pemba, Ali bin Said bin Rashid Jahadhmi, anajulikana kwa jina la Kamange, na kitabu cha 2011 kiitwacho Kale ya Washairi wa Pemba kimemtaja hivyo, pamoja na mwenziwe Sarahani, katika anwani yake. Hapa jina ndilo atafutalo msomaji. Nasaba huja katika sentensi ya kwanza ya maelezo.

Kutoka hapo njia ya kuwafikia wahusika wa riwaya ni fupi. Swali la kwanza ni la majina ya heshima, na kipimo chake ni hiki: neno la heshima likiondolewa, je, msomaji atamtambua mhusika? Mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, anayejulikana tangu Mzimu wa Watu wa Kale, hawezi kuitwa Msa tu. Bwana Msa ndilo jina lake zima. Vivyo hivyo Mwinyi Fuad wa Shafi Adam Shafi, na Biti Kocho wa Utengano ya Said Ahmed Mohamed, kwani biti ni mwanzo wa jina lenyewe na kocho peke yake haimtaji mtu. Lakini katika riwaya hiyo hiyo Bwana Maksuudi aweza kuandikwa Maksuudi bila kupotea.

Swali la pili ni la majina yanayofanana. Yuko Fuad mwingine, baba yake Rehema katika Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed. Huyo na aandikwe Fuad, na jina la kitabu lifuate katika mabano, maana kitabu ndicho akijuacho msomaji. Kijakazi, mhusika wa Kasri ya Mwinyi Fuad, ahitaji mabano hayo hayo kwa sababu jina lake ni neno la kawaida la lugha. Haruni wa Chwaka naye atenganishwe na Harun al-Rashid wa hekaya za Abunuwasi. Na Abunuwasi mwenyewe apewe ukurasa ulio mbali na ule wa Abu Nuwas, mshairi wa Kiarabu wa Baghdad, kwa kuwa mmoja aliishi na kutunga, na mwingine ni mjanja wa hadithi aliyeazima jina lake.

Swali la tatu ni la siri. Katika hadithi za upelelezi, mtu hujulikana kwa jina moja mpaka sura za mwisho, ndipo jina lake la pili hufunuliwa. Anwani ibebe jina la kwanza, kwani anwani husomwa hata na asiyetaka kusoma maelezo, na huonekana katika orodha kabla ya kitabu kufunguliwa. Jina la pili liwe ndani.

Kwa ufupi, anwani ichukue jina ambalo wasomaji na wasimulizi humwitia mhusika, kwa umbo linaloonyesha maana yake, bila kugeuzwa mbele nyuma. Maumbo mengine yaelekezwe hapo. Na nasaba, ubishi na siri viwekwe katika maelezo. Mtu wa Pujini atakayetafuta habari za magofu ya kwao atatafuta kwa jina alilolisikia kwa wazee wake. Kamusi isiyolijua jina hilo, hata ikiwa na habari zote za boma na kisima chake, kwake yeye itakuwa haina kitu.