Talaka si kihamba tu: Haki ya matunzo inayosahaulika Uchagani

Ndoa ikivunjika Kibosho, Marangu au Rombo, swali la kwanza la ndugu wa pande zote mbili ni la ardhi. Nani anabaki kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la ukoo? Ile nyumba ya matofali iliyojengwa katikati ya migomba ya babu ni ya nani? Wazee wa ukoo wanakaa, pombe ya mbege inaletwa, na mara nyingi jibu linatoka kabla mke hajafungua mdomo: kihamba ni cha ukoo, mama, wewe ulikuja kuolewa. Anafunga nguo zake, anateremka Moshi mjini kupanga chumba Majengo au Pasua, na anaanza upya kwa kuuza ndizi au mitumba ya Kiboriloni.

Swali la pili ni nadra kuulizwa. Huyu mama atakula nini mwezi ujao, atalipa kodi ya chumba kwa fedha gani, na nani anawajibika? Sheria ya Ndoa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 1971, inalo jibu. Nasikitika kuona watu wakipigania kihamba kwa miaka, wakapanda na rufaa hadi Mahakama Kuu, huku haki hii ya pili ikibaki bila kuguswa.

Mgawanyo wa mali unatawaliwa na kifungu cha 114. Matunzo ya mwenzi yako kwenye kifungu cha 115. Ni madai mawili tofauti. Mtu anaweza kushindwa la kwanza akashinda la pili, na anaweza kushinda yote mawili. Matunzo ya watoto nayo ni jambo la peke yake. Fedha za ada na unga wa watoto hazifuti deni la mume kwa mama yao.

Msingi wake ni kifungu cha 63, kinachomtaka mume kumpa mkewe malazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake. Mke naye anawajibika kumtunza mume pale mume anaposhindwa kujitafutia riziki kwa ugonjwa au kuumia, wa mwili au wa akili, kama mke ana uwezo. Kwa hiyo mwanamume aliyepooza baada ya ajali ya bodaboda, na mkewe ana mshahara, anaweza kuiomba mahakama matunzo vilevile. Kenya walikwenda mbali zaidi katika Sheria yao ya Ndoa ya 2014, ambayo haitofautishi mume na mke katika jambo hili. Naamini nasi tungepaswa kufika huko.

Mahakama inaweza kumwamuru mume alipe pale alipoacha kumhudumia mkewe, pale alipomtelekeza, wakati wa kutengana, wakati wa kutoa talaka, na hata baada ya talaka kutoka. Kuna hali moja zaidi ambayo wengi hawaijui, nayo kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote: wakati shauri lenyewe linaendelea. Kesi ya ndoa inaahirishwa mara kwa mara. Shahidi hakufika, hakimu ana likizo, jalada halijapatikana. Mume anaendelea kuvuna kahawa na kukusanya kodi ya vyumba vya Moshi mjini, wakati mke anakopa nauli ya kufika mahakamani. Wapo wanaochoka na kukubali chochote ilimradi yaishe. Kwa mwanamke wa namna hiyo, maombi ya matunzo ya wakati wa kesi ndiyo yanayomwezesha kusimama hadi hukumu.

Kiasi kinapatikanaje? Wapo wanaodhani kuna asilimia ya mshahara iliyowekwa. Haipo. Kanada wana miongozo ya kukokotoa tangu 2008, ingawa nayo ni ya ushauri tu. Kwetu, kifungu cha 116 kinamwelekeza hakimu aangalie kwanza uwezo na mahitaji ya pande zote mbili. Kisha azingatie nani alichangia zaidi kuvunjika kwa ndoa, na mila za jamii ya wahusika.

Hapo kwenye uwezo na mahitaji ndipo mashauri mengi yanapolegea. Mke anasimama na kusema mume wangu ana fedha, basi. Hakimu hawezi kupanga kiasi kwa neno hilo. Uwezo wa mume unathibitishwa kwa hati ya mshahara, risiti za malipo ya kahawa kutoka AMCOS, mikataba ya wapangaji, leseni ya biashara, taarifa ya SACCOS, au majirani wanaojua anamiliki Noah mbili zinazopiga ruti ya Himo. Mahitaji ya mke nayo yanaandikwa: kodi, chakula, dawa ya presha, nauli. Mume naye ana haki ya kuonyesha madeni yake na wazazi anaowalea, na mahakama itayapima.

Ugumu wa Kilimanjaro ni kwamba fedha zenyewe zina jinsia. Tangu kahawa ilipokuwa zao la biashara na wakulima wakaunda chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, kahawa imehesabiwa kuwa ya baba, na malipo yanaingia kwa jina lake. Ndizi, maziwa na mboga ni vya mama, navyo vinaishia jikoni na kwenye daftari za watoto. Ndoa ikifika mwisho, mume ana karatasi za miaka 20 na mke hana hata moja, ingawa ndiye aliyepalilia, aliyekata majani ya ng'ombe na kubeba samadi hadi kwenye mashina ya hiyo kahawa. Hakimu anayeusoma mchango kwenye karatasi peke yake atakuwa ameona nusu tu ya shamba.

Mila zinakata pande zote mbili. Zinaweza kutumika kumwambia mwanamke kwamba kwao wapo, arudi. Lakini ni mila ipi inayotajwa? Mwanaanthropolojia Sally Falk Moore, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu sheria za kimila za Kilimanjaro, alifuatilia karne nzima, 1880 hadi 1980, na kuonyesha jinsi kinachoitwa mila ya Kichagga kilivyobadilika kwa kahawa, kwa ukoloni na kwa uhaba wa ardhi. Mzee anayeapa mbele ya mahakama kwamba mambo yamekuwa hivi tangu enzi na enzi anastahili kuulizwa maswali, kwa heshima zote. Na sheria imeziweka mila baada ya uwezo na mahitaji, si kabla.

Kuhusu kihamba chenyewe, nisiache watu wakidhani hakuna la kufanya. Mali ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya ndoa inaweza kuhesabiwa katika mgawanyo kama iliendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake, au kwa juhudi za wote wawili. Shamba la ukoo halitakatwa vipande kirahisi, lakini mahakama inaweza kumwamuru mume amlipe mke thamani ya mchango wake. Na kazi za nyumbani ni mchango. Hilo Mahakama ya Rufani ililisema mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Wanaolitaja shauri hilo husahau mwisho wake: Bi Hawa hakuongezewa kitu, kwa kuwa ilionekana alishapewa fedha na mumewe kwa mradi wa familia na akazitapanya. Kanuni ilishinda, mwenye shauri akashindwa. Ndiyo maana nasisitiza kwamba matunzo yaombwe pamoja na mali. Anayeegemea mgawanyo peke yake anaweza kutoka mikono mitupu.

Wako pia waliokaa pamoja bila ndoa ya kanisani, msikitini wala bomani. Kifungu cha 160 kinawadhania kuwa wanandoa waliokaa miaka 2 au zaidi na kujulikana kama mume na mke. Hata kama dhana hiyo ya ndoa itakanushwa mahakamani, labda kwa sababu mwanamume ana ndoa nyingine ya Kikristo, mwanamke bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto waliowazaa.

Njia ya kufika mahakamani huanzia kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, na bila hati hiyo, isipokuwa kwa sababu maalumu, madai ya talaka hayapokelewi. Kikao cha ukoo, hata kikikaa mara ngapi, si baraza hilo. Shauri linaweza kufunguliwa hata Mahakama ya Mwanzo, ambako mambo yanaendeshwa kwa Kiswahili na mtu anaweza kujisimamia mwenyewe. Asiyejua pa kuanzia aulize kwa wasaidizi wa kisheria. Hapa Moshi, shirika la KWIECO limefanya kazi na wanawake wa mkoa huu tangu 1987.

Amri ya matunzo si ya milele. Inakoma mtalaka akiolewa tena, na inaweza kupandishwa au kupunguzwa hali ya mmoja wao ikibadilika. Mume asipolipa, malimbikizo yanadaiwa kama deni, ila kwa miaka 3 ya nyuma tu. Anayenyamaza muda mrefu anapoteza.

Mahakama kwa kawaida haitoi kitu ambacho hakikuombwa. Kabla hujatia sahihi hati yako ya madai, soma sehemu ya maombi mstari kwa mstari, na kama matunzo hayamo, yaandike. Na wewe ambaye talaka yako ilishatoka, ukaondoka na mfuko wa nguo na hujaolewa tena, sheria bado inakuruhusu kurudi kuyaomba.