Mitoki Ikiondolewa, Mguu Usisahauliwe

Saratani ya mashavu ya uke inapoanza kusambaa, kwa kawaida hukimbilia tezi za limfu za kinena, zile ambazo zikivimba tunaziita mitoki. Ikirudi kinenani baada ya matibabu, mara nyingi huua, ndiyo maana mpasuaji hathubutu kukiacha kinena bila kukichunguza. Lakini tezi hizohizo ndizo njia ya majimaji ya mguu mzima. Zikitolewa zote, kidonda huweza kufumuka au kutunga usaha, majimaji hujikusanya chini ya ngozi, na mguu huweza kuvimba kwa maisha yote.

Zamani uvimbe na tezi za pande zote mbili vilikatwa pamoja kama pande moja kubwa la nyama, na kidonda kilichobaki kilikuwa cha kutisha. Tangu miaka ya 1980 mipasuo mitatu iliyotengana imepunguza mateso hayo. Mguu, hata hivyo, uliendelea kuvimba.

Nafuu kubwa zaidi imetokana na kukata kidogo. Mwaka 2008 Ate van der Zee wa Groningen, Uholanzi, na wenzake walichapisha matokeo ya wanawake 403. Walidunga dawa ya mnururisho na rangi ya buluu kando ya uvimbe, wakaitafuta tezi ya kwanza kuipokea, wakaitoa hiyo na kuipima. Ikiwa safi, nyingine ziliachwa. Kati ya walioishia hapo, vidonda vilifumuka kwa takriban 12 katika kila 100, na miguu ikavimba kwa 2 tu. Kwa wale ambao tezi hiyo ilikutwa na saratani, wakalazimika kutolewa zote, ilikuwa 34 na 25. Na saratani ilirudi kinenani kwa wachache mno, kama 3 katika 100 ya waliokutwa safi.

Njia hii ina masharti: uvimbe uwe mmoja, usiofika sentimita 4, na tezi zisiwe na dalili za saratani. Kwetu Afrika Mashariki wanawake wengi huchelewa kufika, kwa aibu na kwa kutibiwa muwasho kwa miezi bila kupimwa, na nafasi hiyo huwapita.

Anayelazimika kutolewa tezi zote naye ana haki ya uangalifu. Mpasuaji ajitahidi kuuacha mshipa mkubwa wa damu unaopita chini ya ngozi ya paja, na mrija wa kutolea majimaji usiondolewe mapema mno. Nyumbani, mguu uoshwe kila siku kwa maji na sabuni, ukaushwe hadi katikati ya vidole, upakwe mafuta na kuinuliwa wakati wa kupumzika. Soksi za kubana zivaliwe kwa kipimo cha mtaalamu. Wauguzi wa pwani wanaohudumia wagonjwa wa matende wanaufahamu utunzaji huu vizuri, na ningependa wodi za saratani ziwaite wafundishe.

Mguu ukiwa mwekundu, wa moto, na homa ikapanda, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa kila maambukizi huzidi kuiharibu mishipa ya limfu iliyobaki. Na wewe mwenye kidonda, kinundu au muwasho usiokwisha sehemu za siri, omba kipande cha nyama kikapimwe kabla ya kupewa tyubu nyingine ya dawa ya kupaka.