Historia ya kubuni hailipi: Somo la Dzaleka kwa miji midogo

LILONGWE, Malawi

Mji mdogo usio na ufukwe wala mbuga ya wanyama utapataje wageni? Wapo wafanyabiashara wanaojibu kuwa dawa ni kutunga siri ya kale: hazina iliyofukiwa, handaki lililopotea au mzimu wa mfungwa. Wageni wakija kuitafuta watakula, watalala na watapanda magari.

Mbinu hiyo si ngeni. Huko Ufaransa, kijiji cha Rennes-le-Château kilipata umaarufu miaka ya 1950 baada ya mwenye hoteli, Noël Corbu, kueneza habari kwamba padri wa zamani wa hapo, Bérenger Saunière, aligundua hazina. Wageni walimiminika, lakini pamoja nao wakaja wachimbaji. Mwaka 1965 kijiji kililazimika kupiga marufuku uchimbaji. Hazina haijaonekana hadi leo.

Karibu na kwetu, kisiwa cha Changuu, Zanzibar, huuzwa kwa watalii kwa jina la gereza. Jengo la gereza lilijengwa kweli miaka ya 1890, ila likaja kutumika kama karantini ya wasafiri. Mgeni anayetaka kuoneshwa vyumba vya wafungwa huondoka na habari nyingine kabisa.

Dzaleka ina nini?

Kambi ya Dzaleka ipo wilaya ya Dowa, takriban kilomita 45 kutoka Lilongwe. Kabla ya kuwa kambi, palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda. Jina lake hufasiriwa kuwa "sitarudia tena". Mwaka 1994, mwaka ambao Banda alishindwa uchaguzi, eneo hilo lilianza kupokea wakimbizi. Leo wengi wao wanatoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni lugha ya sokoni.

Hapo hakuna haja ya kutunga kitu.

Kwa nini wageni ni suala la riziki?

Sheria za Malawi zinawabana wakimbizi wakae kambini. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini. Mfanyabiashara akishindwa kumfuata mteja Lilongwe, mteja ndiye anayepaswa kusafiri.

Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na msanii Menes La Plume, limefanya kazi hiyo kwa muziki, ngoma na maigizo. Wapo wageni wanaolala katika nyumba za wakazi, hivyo fedha huingia moja kwa moja mkononi mwa familia.

Hesabu ya uongo

Kisa cha kubuni kina gharama tatu. Kwanza, mgeni akigundua harudi. Pili, mji wa jirani unaweza kubuni kikubwa zaidi. Tatu, kwa Dzaleka, kumtungia mfungwa mzimu ni kuziumiza familia za waliofungwa, nao ni wenyeji ambao mkimbizi anawategemea kwa ujirani na biashara.

Linalofaa ni kukusanya kumbukumbu za wazee wa Dowa na za waliofungwa, kwa ridhaa yao, kisha kuwafundisha vijana wa kutembeza wageni. Hadithi zipo na zisimuliwe, ila mgeni aambiwe ipi ni "inasemekana" na ipi ina ushahidi.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.