Shule ilipohamia redioni, nilijifunza kumsikiliza mwanangu

MWEZI Machi 2020 nilipoteza vitu viwili katika wiki moja: shule ya mwanangu na njia ya kwenda Goma. Shule za Rwanda zilifungwa kuanzia tarehe 16 kwa sababu ya korona, na kabla ya wiki kwisha mpaka nao ukafungwa. Sisi tuliozoea kuvuka Petite Barrière asubuhi na beseni la karoti kichwani, tukabaki Gisenyi na watoto wetu.

Bodi ya Elimu (REB) ilileta masomo kwenye Radio Rwanda, televisheni na intaneti. Kijana wangu alikuwa darasa la tano. Nyumbani tulikuwa na redio ndogo ya betri na simu moja ya kisasa, na simu hiyo ndiyo iliyokuwa duka langu. Wateja wa Goma walipiga kuagiza, kisha sisi wauzaji tukaungana kupakia mizigo kwenye lori moja, kwani malori ya bidhaa yaliruhusiwa kupita.

Nilimwambia mtoto, "Keti hapo, sikiliza, andika." Nikadhani kazi yangu imekwisha.

Baada ya wiki tatu nilifungua daftari lake. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe na kichwa cha somo, basi. Chini yake patupu. Nilikasirika, nikamwita mvivu. Akanijibu polepole, "Mama, mwalimu wa redioni anasema Kiingereza mbio mbio, na nikimwuliza hanijibu."

Neno lile lilinichoma. Mimi nilikulia Goma, nikasoma kwa Kifaransa. Niliporudi Rwanda nilikuta shule zimeshageukia Kiingereza, kufuatana na uamuzi wa mwaka 2008. Kumbe mtoto alijua siwezi kumsaidia, akaona afadhali anyamaze.

Mzazi mwenzangu, tulichofanya baada ya hapo hakikuhitaji elimu kubwa.

Kwanza, tuliweka saa. Wakati wa somo hatumwi maji wala dukani, na wadogo zake wanacheza nje.

Pili, somo likiisha ananisimulia kwa Kiswahili au Kinyarwanda huku namenya viazi. Alipofika kwenye sehemu za hesabu, nilimpa kabichi aikate vipande vinne anionyeshe robo tatu. Akikwama, tunajua pale ndipo hakuelewa. Anaandika swali lake pembeni ya daftari.

Tatu, maswali hayo tuliyapeleka kwa binti wa mpangaji mwenzetu, mwanafunzi wa sekondari. Jioni aliketi naye barazani, wakaachana nafasi, akamweleza maneno ya Kiingereza yaliyomshinda.

Nne, na hili ndilo lililoniuma, nilimwachia simu saa moja kila jioni apate masomo ya intaneti. Wateja niliwaambia wapige kabla au baada. Mmoja alinihama, akaenda kwa mwingine. Wengine walizoea.

Tarehe 2 Novemba 2020 darasa la tano lilikuwa miongoni mwa madarasa ya kwanza kurudi. Hakushika nafasi ya kwanza, lakini alimfuata mwalimu. Wapo wenzake waliokwisha kuonja hela ya kubeba mizigo sokoni, na kuwarudisha darasani ikawa kazi.

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka, na matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba nyingi hapa Rubavu. Tulilala nje. Asubuhi nilimkuta mkekani, daftari magotini, akimweleza mdogo wake hesabu za kugawanya. Hakuna aliyemtuma.

Sisi watu wa mpakani tunajua njia hufungwa bila kupiga hodi. Siku shule ikirudi tena nyumbani, usiogope kwamba hujui lugha ya kitabu. Mwambie mtoto akufundishe kwa lugha ya nyumbani. Akishindwa kukueleza, hapo ndipo pa kumtafutia msaada.